Macho ya Njano na Mbiu Isiyonyamaza

Mkulima wa mpunga wa Mchombe anajua kuwa mfereji ukiziba, maji hufurika huku na majaruba ya kule hukauka. Ini nalo lina mifereji yake. Kila siku hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo, ambayo hupita katika mirija myembamba kwenda utumboni kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Kansa huweza kuota ndani ya mirija hiyo. Haiwapati wengi, lakini ni kali na hujificha.

Huanzaje? Mara nyingi kuna jeraha la miaka mingi. Mwili ukiumia, chembe hai hutoa protini iitwayo intaleukini-6. Hiyo ni kama mbiu ya mgambo: huleta homa, huita walinzi wa mwili, na huziambia chembe za jirani zizaliane ili kuziba pengo. Kazi ikiisha, chembe huweka breki na mbiu hunyamaza. Jeraha lisipopona, mbiu hulia miaka nenda miaka rudi, hadi baadhi ya chembe zikaharibika, zikazima breki na kuanza kujipigia mbiu zenyewe. Protini iliyokuja kuponya imegeuka mbolea ya kansa.

Kaskazini mashariki mwa Thailand kansa hii ni nyingi kuliko popote duniani, kwa sababu ya minyoo ya ini ipatikanayo kwa kula samaki wabichi. Walaji wa samaki wa Kilombero wasiogope: mnyoo huyo ni wa Asia, nasi samaki wetu tunawapika. Kwetu adui mkubwa zaidi ni homa ya ini aina ya B, inayoongeza hatari ya kansa hii, na zaidi sana ile ya ini lenyewe. Watoto wachanga nchini huchanjwa dhidi yake tangu mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuchanjwa, aombe kupimwa.

Dalili ni macho ya njano, mara nyingi bila maumivu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwili kuwasha, na choo kupauka, maana nyongo ndiyo hukipa rangi. Majumbani mwetu mgonjwa wa namna hii hupewa dawa ya malaria, kisha mizizi, na mwezi unakwisha. Apelekwe mapema kwenye hospitali yenye altrasaundi, kama ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Pengine ni jiwe tu la nyongo. Ikiwa ni kansa na bado ni ndogo, upasuaji unaweza kuiondoa. Ikiwa imechelewa, mgonjwa huweza kuwekewa mrija ili nyongo ipite na muwasho upungue.