Mwaridi Wenye Majani ya Manjano: Pima Udongo Kabla ya Kununua Dawa

Katika nyua nyingi za mwambao wetu, mwaridi ulionunuliwa kitaluni ukiwa na afya njema hugeuka manjano miezi michache baada ya kupandwa. Mwenye nyumba hununua dawa ya wadudu, kisha mbolea, kisha dawa nyingine, na majani hayarudi kuwa ya kijani. Mara nyingi kosa limo ndani ya udongo, na dawa ya wadudu haiponyi udongo. Kwa hiyo tunakushauri uanze na kipimo kinachogharimu kijiko kimoja cha siki.

Chanzo cha tatizo

Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, yaani pH ya 6 hadi 6.5. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani imelala juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Udongo ulio karibu na kuta huongezewa pia mabaki ya saruji na lipu. Chokaa inapozidi, madini ya chuma yaliyomo udongoni hushikwa, na mizizi hushindwa kuyafyonza. Mmea hukosa chuma ingawa chuma kipo.

Soma majani kwanza

Majani machanga ya juu yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, shuku upungufu wa chuma. Manjano yakianzia kwenye majani makongwe ya chini, huenda mmea umekosa naitrojeni, na samadi iliyooza vizuri inaweza kutosha. Majani yote yakilegea ilhali udongo umelowa, shuku kuoza kwa mizizi.

Vipimo viwili vya nyumbani

Cha kwanza: chukua udongo mkavu kutoka karibu na mizizi, uweke kwenye kisahani, kisha udondoshee siki. Ukitoa mapovu, una chokaa. Siki ni ya kupimia tu, usiimwagie mmea.

Cha pili: chimba shimo la kina cha sentimita 30 pembeni mwa mmea, lijaze maji, yaache yazame, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama siku inayofuata, udongo hautoi maji ipasavyo.

Namna ya kuuokoa

1. Acha kuweka majivu au chokaa. Vyote viwili huzidisha tatizo.
2. Ondoa vipande vya saruji na mawe, kisha tandaza mboji juu ya udongo bila kugusa shina.
3. Mwagilia maji ya mvua uliyokinga kila uwezapo, kwa kuwa maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chokaa.
4. Ukihitaji kununua madini ya chuma, soma lebo. Kwa udongo wa chokaa, tafuta aina yenye herufi EDDHA. Aina ya EDTA hupoteza nguvu upesi katika udongo huo.
5. Udongo ukitoa mapovu mengi, usitumie fedha kwa salfa ya unga. Chokaa iliyomo itaimaliza nguvu kabla mmea haujanufaika.

Katika hali hiyo, au maji yakituama, uhamishe mwaridi mwanzoni mwa masika. Upogoe, uung'oe na udongo wa mizizi yake, kisha uupande kwenye tuta lililoinuliwa au chungu kikubwa chenye matundu. Changanya mafungu mawili ya udongo mwekundu, fungu moja la mboji na moja la mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa sababu una chumvi na vipande vya makombe.

Usihukumu matokeo kwa majani ya zamani, kwani baadhi yake hayatarudia rangi. Tazama machipukizi mapya.

Unapokwenda dukani

Nchini Tanzania, mbolea husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA) chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009; viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Usinunue bidhaa iliyofunguliwa na kupimwa upya katika mfuko usio na lebo. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, dai risiti na uitunze pamoja na kifungashio. Muuzaji akikuhimiza ununue dawa ya wadudu, muulize ni mdudu gani. Asipoweza kukuonyesha dalili zake kwenye jani ulilobeba, ahirisha ununuzi.

Ukitaka uhakika zaidi, peleka sampuli ya udongo kwenye maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au ya kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, Tanga. Uliza gharama kabla ya kupeleka sampuli, uilinganishe na bei ya dawa uliyokusudia kununua, ndipo uamue.