Kufufua Baiskeli Kuukuu ya Kifaransa: Euro 200, 600 au 1,500?

Anayetafuta baiskeli ya zamani ya mbio nchini Ufaransa hukutana kwanza na majina makubwa: Peugeot, Gitane, Motobécane, Mercier. Umaarufu umekwishazipandisha bei. Peugeot PX-10 iliyotunzwa, kwa mfano, huombewa euro 300 hadi 600 na zaidi. Kando yake kuna majina yasiyotajwa sana nje ya Ufaransa: Lejeune ya Maisons-Alfort karibu na Paris, Liberia ya Grenoble, Follis ya Lyon, Bertin ya kaskazini, na Stella ya Nantes, aliyoipanda Louison Bobet aliposhinda Tour de France ya 1953 na 1954. Hizi bado hupatikana kwa euro 80 hadi 200 katika minada ya mitaani, maduka ya hisani ya Emmaüs na matangazo ya mtandaoni ya Leboncoin.

Ni baiskeli nzuri. Fremu ya chuma iliyounganishwa kwa mkono mwaka 1972 inaweza kubeba mtu miaka hamsini mingine. Lakini mnunuzi ajue jambo moja kabla hajafungua pochi: jina dogo hupunguza bei ya kununua tu. Gharama nyingine zote hubaki zilezile za jina kubwa, kwa sababu spea ni zilezile. Makampuni madogo hayakutengeneza kila kitu. Yalinunua mabomba ya Reynolds 531 au Vitus, kranki za Stronglight kutoka Saint-Étienne, breki za Mafac kutoka Clermont-Ferrand, vihamisha mnyororo vya Simplex kutoka Dijon au vya Huret, na habu za Normandy au Maillard. Peugeot nayo ilifunga spea hizohizo. Kwa hiyo Lejeune ya euro 100 iliyokosa kranki itakudai fedha ileile ambayo ingedaiwa na PX-10.

Hapo ndipo wengi huumia. Hununua fremu tupu kwa euro 40 wakidhani wamebahatika, kisha hutumia mwaka mzima kutafuta kifaa kimoja kimoja kwa bei ya wakusanyaji. Fremu ya bei rahisi huzaa baiskeli ya ghali.

Vipimo ambavyo havikubaliani na dunia

Sababu ya ugumu ni vipimo. Hadi miaka ya 1970 Wafaransa walikata hesi zao kwa milimita, wakati sehemu kubwa ya dunia ilifuata kipimo cha Kiingereza. Fundi aliyezoea Raleigh au Phoenix za Afrika Mashariki atashika spana kwa ujasiri na kugundua kwamba karibu kila hesi ina tofauti ndogo, na tofauti hiyo ndiyo inayokula fedha.

Vikombe vya ekseli ya pedeli: Kifaransa ni milimita 35 kwa hesi ya milimita 1. Kiingereza ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24, yaani kama milimita 34.8.

Shingo ya usukani: Kifaransa ni milimita 22.0, kipimo cha kawaida ni 22.2.

Vikombe vya foki: Kifaransa ni milimita 25 kwa 1, kipimo cha kawaida ni inchi moja, yaani 25.4.

Pedeli: Kifaransa ni milimita 14 kwa 1.25, kipimo cha kawaida ni inchi 9/16, yaani kama 14.3.

Friwili: Kifaransa ni milimita 34.7 kwa 1, Kiingereza ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24.

Si kila tofauti ni ghali. Shingo ya 22.2 inaweza kusuguliwa kwa msasa hadi ikaingia, kazi ya nusu saa. Mikono ya kranki ya alumini inaweza kukatwa upya kwa tapu (kifaa cha kukatia hesi) ya 9/16, kwa sababu tundu la Kifaransa ni dogo kuliko hilo, na baada ya hapo pedeli yoyote ya dukani itaingia. Usilazimishe pedeli ya kisasa bila tapu, maana utaharibu kranki nzima. Pedeli za Kifaransa hutambulika kwa herufi: D ni ya kulia, G ni ya kushoto.

Vikombe vya ekseli ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. Katika mfumo wa Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo hufunguliwa kinyume na kawaida. Katika mfumo wa Kifaransa pande zote mbili hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto, kama bolti yoyote. Halafu upo mfumo wa Kiswisi, wenye kipimo kilekile cha 35 kwa 1, ila upande wa mnyororo umegeuzwa kama wa Kiingereza. Motobécane za mwishoni mwa miaka ya 1970 zina hesi hiyo. Baiskeli ya jina dogo ya miaka hiyo inaweza kuwa na mfumo wowote kati ya mitatu, kwa hiyo soma maandishi kwenye kikombe na upime kabla ya kutumia nguvu. Kikombe kikigoma, Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki 2008 na ambaye maelezo yake bado yanawaongoza mafundi wengi, alifundisha njia rahisi: pitisha bolti nene ndani ya kikombe, kibane kwa nati na washa, kisha zungusha bolti kuelekea upande wa kufungua. Kwa kikombe cha hesi iliyogeuzwa, yaani cha Kiingereza au cha Kiswisi, kadiri unavyozungusha ndivyo nati inavyozidi kubana, hadi kikombe kinaachia.

Mambo manne ya kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, fremu iliyogongwa. Pitisha kidole chini ya mabomba mawili, sentimita chache nyuma ya shina la usukani. Ukihisi uvimbe au rangi iliyokunjamana, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Iache.

Pili, nguzo ya kiti na shingo ya usukani. Jaribu kuzizungusha hapohapo. Alumini iliyokaa miaka arobaini ndani ya chuma bila grisi hushikana nayo, na kuitoa kunaweza kuchukua siku kadhaa za mafuta, au kulazimu ikatwe. Ikiwa imeganda, bei ishuke angalau kwa nusu.

Tatu, ukamilifu. Kranki, breki, magurudumu, shingo na nguzo ya kiti viwepo, hata vikiwa vichafu. Uchafu huondoka kwa sabuni na brashi. Kifaa kisichokuwepo hununuliwa.

Nne, aina ya kranki. Baiskeli za bei ya chini zilikuwa na kranki za chuma zilizofungwa kwa kota pini, zinazofahamika kwa kila fundi wa Phoenix. Hizo ni nzito lakini pini zake ni rahisi kupata. Za juu zina Stronglight au TA za alumini, na huhitaji kivutio chake maalumu: cha Stronglight ni milimita 23.35, cha TA ni 23, cha kawaida ni 22. Kivutio cha kawaida kitaingia kwa ulegevu na kung'oa hesi. Cha Stronglight kinauzwa kwa euro 20 hadi 30, na huokoa kranki yenye thamani mara kadhaa ya hiyo.

Njia tatu na gharama zake

Bei zifuatazo ni makadirio ya soko la Ulaya kwa mtu anayefanya kazi mwenyewe na kununua bila haraka, juu ya bei ya baiskeli.

Njia ya kwanza ni kuihudumia tu. Fungua kila kitu, safisha, weka gololi mpya na grisi, badilisha vinavyochakaa, rangi iache ilivyo. Tairi mbili na tyubu ni euro 60 hadi 70, waya na maganda yake 20, raba nne za breki 30, mnyororo 15, gololi na grisi 15, utepe wa usukani 15, vifaa maalumu 30. Jumla ni kama euro 200. Unapata baiskeli yenye historia yake yote, inayokwenda vizuri na inayosimama.

Njia ya pili ni mchanganyiko: fremu ya zamani, baadhi ya sehemu za kisasa. Hufaa pale magurudumu yanapokuwa yameoza au friwili ya hesi ya Kifaransa inapokuwa imekwisha na haipatikani. Magurudumu mapya ya 700C ni euro 150 hadi 250. Ekseli ya pedeli inayojibana ndani ya fremu bila kutumia hesi, kama ile ya Velo Orange ya Marekani, ni kama 65. Vikombe vya foki vya hesi ya Kifaransa, vikihitajika, ni 50 hadi 60. Nafasi ya gurudumu la nyuma ilikuwa milimita 120 kwa gia tano na 126 kwa gia sita, na habu za kisasa za barabara zisizo za breki za diski hutaka 130. Fremu ya chuma huweza kutanuliwa na fundi mwenye kipimo kwa euro 40 hivi. Fremu ya alumini kama Vitus 979, iliyounganishwa kwa gundi, isitanuliwe kamwe. Ukijumlisha na huduma ya njia ya kwanza, unafika euro 500 hadi 600.

Njia ya tatu ni kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kuondoa rangi, kupaka upya na kuweka chapa zinazofanana na za asili ni euro 350 hadi 600. Kromu mpya ya foki ni 100 na zaidi. Kihamisha mnyororo, kiti cha ngozi cha Ideale, pedeli za Lyotard na tairi za kushonwa zinazogundishwa kwenye rimu zitaongeza mamia mengine. Euro 1,500 hufikiwa upesi, na baiskeli ya jina dogo iliyokamilika hivyo huuzwa kwa 300 au 400. Fedha haitarudi. Atakayeichagua njia hii aichague kwa mapenzi, kwa mfano baiskeli ya baba au babu, au akitaka kushiriki tamasha kama Anjou Vélo Vintage la Saumur. Hata hivyo tamasha halidai rangi mpya. Eroica ya Italia, iliyoanza 1997, huangalia kwamba baiskeli ni ya 1987 au kabla, vibadilishia gia viko kwenye bomba la chini, waya za breki zinaonekana na pedeli zina vishikio vya vidole. Lejeune yenye mikwaruzo yake inakubalika.

Pa kufungua mkono na pa kuubana

Toa fedha bila kusita kwenye tairi, waya na raba za breki. Breki za Mafac Racer ni imara sana. Zikilia au zikikataa kushika, tatizo mara nyingi ni raba zilizokauka. Kool-Stop bado wanatengeneza raba zinazoingia humo, na ukizifunga utashangaa baiskeli ya nusu karne inavyosimama. Badilisha pia shingo za alumini za AVA zenye mpasuo mrefu chini, kwani zinajulikana kwa kupasuka ghafla. Usizionee huruma.

Kihamisha mnyororo cha Simplex cha plastiki ya Delrin, kilichoenea tangu miaka ya 1960, hupata nyufa. Kikiwa kizima kitumie. Kikipasuka, usilipie bei ya mkusanyaji. SunTour ya Kijapani iliyotumika ni euro 20 hadi 40 na hubadilisha gia vizuri zaidi. Angalia tu kwamba tundu la kukifungia kwenye fremu ya Simplex halina hesi, hivyo fundi atalikata kwa tapu ya milimita 10 kwa 1 na kuchonga pengo dogo la kuzuia kifaa kisizunguke.

Ubane mkono kwenye rangi. Rangi ya asili yenye chapa zake hairudishiki ikishaondolewa, na kwa jina dogo chapa mpya ni ngumu kupata. Kutu ya juujuu huondoka kwa asidi ya oksali, ukivaa glavu. Kromu husuguliwa kwa karatasi ya foili na maji. Nta hukamilisha kazi.

Ubane pia kwenye fundi wa kulipwa kwa saa, maana baiskeli ya hesi ya Kifaransa humla muda. Miji mingi ya Ufaransa ina karakana za kujihudumia, nyingi zikiwa chini ya mtandao wa L'Heureux Cyclage. Kwa ada ndogo ya mwaka unapata jiliwa, vivutio, mtu wa kukuelekeza, na ndoo za spea za zamani zilizotolewa kwenye baiskeli zilizokufa. Mtanzania au Mkongo anayeishi Lyon au Paris aanzie huko kabla ya kuagiza chochote.

Uamuzi

Anayehitaji tu usafiri wa kwenda kazini, na ana euro 500 mkononi, anunue baiskeli mpya. Itakuwa na gia nyingi, na spea zake ziko kila duka. Anayetaka thamani ya kuuza baadaye alipe zaidi mwanzoni achukue Peugeot au Gitane. Baiskeli ya jina dogo inamfaa anayetaka kuipanda na yuko tayari kushika spana mwenyewe. Huyo anunue iliyokamilika na iliyonyooka kwa euro zisizozidi 150, aihudumie kwa njia ya kwanza na aipande msimu mzima. Kitakachoharibika barabarani akibadilishe hapo, kimoja kimoja, na njia ya pili itakuja yenyewe pale tu itakapohitajika. Wengi hawataifikia, kwa sababu chini ya vumbi mafundi wa Maisons-Alfort, Lyon na Grenoble walikuwa wamekwishafanya kazi nzuri.