Watazamaji wa Mbio za Magari Wasio na Uwanja

Buguruni, kata ya wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam iliyopo pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela, haina uwanja wa mbio za magari, yaani njia ya lami iliyofungwa na kuzungukwa na majukwaa ya watazamaji waliokata tiketi. Msomaji aliyezoea habari za Silverstone au Monaco anaweza kuuona huo kuwa upungufu, ilhali katika Afrika Mashariki utazamaji wa mbio hizo ulikulia kando ya barabara za kawaida, ambako mwenyeji alisimama mahali anapopita kila siku na kulingoja gari limkute hapo hapo.

Desturi hiyo ilienezwa na mashindano ya Safari Rally, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ambayo njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo baadaye yalizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka. Pasaka huangukia masika, na barabara ya udongo katika masika huwa tope zito; ndiyo sababu mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Gari lilipokwama, watazamaji walikunja suruali, wakaweka mawe na matawi chini ya magurudumu, wakaegemeza mabega nyuma ya gari na kusukuma kwa pamoja, huku tope likiwarukia wale waliosimama usawa wa matairi. Mtu wa namna hiyo haitoshi kumwita mtazamaji, kwa kuwa bila nguvu zake baadhi ya madereva wasingeendelea na safari.

Gari lisilokwama hupita kwa sekunde chache tu. Mlio wake husikika kwanza, kisha huonekana vumbi au tope, na mara limekwisha kupita, watu wakabaki kulingoja jingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku ni kungoja, na kungoja huko kuna taratibu zake. Wazee hupewa kivuli, vijana hupanda kwenye kingo za barabara ili wawahi kuona, wauzaji hupitisha vyakula, na mabishano juu ya nani dereva hodari hayaishi. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo, na kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976, alikuwa miongoni mwa waliobishaniwa sana. Mkazi wa Buguruni huyatambua mazungumzo hayo bila kufundishwa, kwa kuwa ndiyo ya kijiweni, yaani mahali pa mtaani ambapo wanaume hukutana kwa kahawa na kashata na kujadili mambo ya dunia.

Dar es Salaam yenyewe ilipata heshima ya kuwa kituo cha kuanzia mashindano hayo mwaka 1972, ambapo Hannu Mikkola wa Finland, akiendesha Ford Escort, alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuibuka mshindi. Katika miaka iliyofuata mashindano yalibaki Kenya peke yake, na yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 makao yake yalikuwa Naivasha. Buguruni ya leo hutazama zaidi mpira, hasa ndani ya kibanda umiza, yaani banda la mabenchi na televisheni ambamo mtu hulipa kiingilio kidogo, na ambamo anayenyamaza muda wote wa mchezo huonekana mgeni. Nje, malori yatokayo bandarini hupita Barabara ya Mandela mchana na usiku.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Pasaka ya mwaka 1972 sasa amepita miaka sitini. Walimu wa historia na wanafunzi wao katika shule za Ilala wawaendee wazee hao sasa, wawaulize walisimama wapi na waliona nini, na wayaandike majibu yao kwa majina ya mitaa na barabara kama wazee wenyewe wanavyoyataja.