Ndege Ndogo na Fundi Wake: Kweli au Si Kweli?

Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilitumbukia Ziwa Viktoria ikitua Bukoba, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakafa. Ukiishi Kabanga, huku Ngara mpakani na Burundi, huenda umesikia haya yafuatayo.

"Zinazoanguka ni ndege kuukuu." Si kweli. Ile ya Bukoba iliundwa 2010, na siku ile ilikuwa inatua kwenye hali mbaya ya hewa. Tena ndege haipimwi kwa miaka pekee; huhesabiwa pia saa ilizoruka na mara ilizotua.

"Ajali ya kutua ni magurudumu kugoma kutoka." Kwa ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, inayotua hata kwenye viwanja vya changarawe, si kweli: magurudumu yake hayakunjwi kabisa. Tazama breki, tairi na mguu wa mbele. Kokoto hukata mpira. Breki ikivuja mafuta, rubani anaweza kukanyaga, upande mmoja ukashika na mwingine ukateleza, ndege ikaacha njia. Fundi makini huchuchumaa chini ya bawa na tochi mkononi, akapapasa rimu kwa kidole kutafuta unyevu wa mafuta hayo. Anayeharakishwa na mwenye ndege huupita.

"Gurudumu haliwezi kuchomoka." Si kweli. Oktoba 28, 2019 ndege aina ya Dash 8 ilidondosha gurudumu ikipaa Lodwar, Kenya. Kwa bahati ilitua salama Eldoret.

"Iliyotoka kwa fundi juzi ndiyo salama." Si kweli, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Januari 8, 2003, Charlotte, Marekani, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900 ilianguka mara baada ya kupaa. Siku chache nyuma mafundi walikuwa wamerekebisha nyaya za usukani unaopandisha na kushusha pua, wakaruka hatua kadhaa za kitabu, na mkaguzi akapitisha kazi. Mzigo nao ulizidi upande wa nyuma. Pua ikainuka, marubani wakasukuma usukani, usukani haukufika mwisho. Wote 21 walikufa. Kazi ya fundi lazima ikaguliwe na jicho jingine, lisilo na haraka.

"Abiria hana la kufanya." Si kweli. Ukiona tairi limechakaa hadi nyuzi, au mafuta yanachuruzika gurudumuni, mwambie rubani kabla hajawasha injini. Akikupuuza, usipande, na toa taarifa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.