Ukinunua maneno Google, piga hesabu kwanza

MFANYABIASHARA wa Pasua, Moshi, anayekodisha makoti na viatu vya kupandia Mlima Kilimanjaro anaweza kumpata mtalii kabla hajapanda ndege. Njia mojawapo ni matangazo ya Google, huduma iliyoanza mwaka 2000 kwa jina la AdWords na kuitwa Google Ads tangu 2018.

Unachagua maneno ambayo mteja huandika anapotafuta kitu. Nafasi hugombewa kwa mnada, na kwa kawaida unalipa pale tu mtu anapobofya tangazo lako. Hapo ndipo pesa hupotea. Ukinunua neno “Kilimanjaro” peke yake, anayebofya huenda ni mwanafunzi anayetafuta urefu wa mlima. Taja bidhaa na mahali: kukodi viatu vya mlima Moshi, kwa lugha ya mteja. Zuia maneno kama “ajira” na “picha”.

Tuseme kila mbofyo ni Sh1,000, na katika watu 40 mmoja ndiye anayekodi. Huyo amekugharimu Sh40,000. Kama faida yako kwake ni Sh30,000, tangazo linakula mtaji. Weka kikomo cha matumizi ya siku, na muulize kila mteja amekupataje.