Mkono Ndani ya Soksi

Kuna mchoro mmoja wa kokwa la embe ambao hautaki kunitoka kichwani. Niliukuta umebandikwa ukutani mwa darasa la tatu, katika shule moja ya msingi wilayani Mkuranga, mkoa wa Pwani, nilikokwenda kwa habari ya ujenzi wa vyumba vya madarasa. Umechorwa kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na hauna ule mstari wa pembeni ambao wengi wetu hutangulia kuuweka tunapochora kitu chochote. Ni nyuzi tupu. Zinatoka katikati kwenda kila upande, nyingine fupi na nene, nyingine ndefu zilizopinda mwishoni, na upande mmoja zimelala kama nywele zilizochanwa. Katikati mchoraji amekandamiza mkaa mpaka karatasi ikachubuka. Chini ameandika neno moja: "Inakwaruza."

Aliyechora hakuwa ameliona kokwa hilo. Alilishika tu.

Mwalimu wa kipindi kilichozaa mchoro huo bado hajamaliza chuo. Ni binti aliyepelekwa shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha, na ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa matokeo yake hayajatoka. Nilipomuuliza ilikuwaje, aliinua soksi ndefu ya shule, ile nyeupe ya kufika gotini, iliyopoteza mwenzake.

Kitu kinatumbukizwa mpaka kwenye kidole cha soksi. Mtoto anaingiza mkono mmoja, mpira wa soksi unabana juu ya kiwiko cha mkono, na macho hayana pa kupenya. Mkono wa pili unashika mkaa. Ni marufuku kutaja jina la kitu. Kila kundi lina soksi yake, inazunguka kutoka mtoto hadi mtoto, na aliyemaliza zamu anaendelea kuchora alichokishika kabla hajakisahau. Mwanzoni alitumia kiroba kimoja kwa darasa zima. Watoto walichungulia, na darasa lililojaa watoto wengi kuliko madawati halikuweza kusubiri kiroba kimoja.

"Kaka, ukimwambia mtoto achore embe, atakuchorea embe la kwenye kitabu," aliniambia. "Lina kikonyo na jani moja. Embe hilo hajawahi kulila."

Anayajua haya kwa sababu ndivyo alivyofundishwa yeye. Mwalimu anachora ubaoni, watoto wananakili, anayepata alama nyingi ni yule aliyefanana na ubao. Ndiyo maana, anasema, siku ya kwanza alipowaachia wachore watakacho, madaftari yalirudi na nyumba ileile: paa la pembetatu, mlango katikati, dirisha huku na dirisha huku, bendera pembeni. Watoto wanaotoka kwenye nyumba za makuti wameichora, na wanaotoka kwenye nyumba za bati wameichora. Hakuna aliyechora anapolala.

Vifaa vyake havina gharama, ila vina masharti. Mfuko wa saruji una matabaka ya karatasi. La ndani, lililogusana na saruji, analitupa, maana vumbi lake linachoma ngozi na macho. La kati ndilo analolikata. Mkaa anauokota jikoni kwa mama anayepika uji wa shule, akichagua vijiti vyembamba vilivyoungua mpaka ndani. Ndani ya soksi huweka gunzi la mahindi, kifuu, kombe, kizibo cha soda. Korosho mbichi hagusi, ingawa mikorosho imezunguka shule, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanababua. Nilimkumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza uchoraji wake jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao wa masonite na rangi za kupakia baiskeli. Alicheka, akasema chuoni waliambiwa wanunue rangi za maji.

Hajui kama alichofanya kina jina kitaaluma. Kina ukoo, kwa hakika. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria mwaka 1903, alifanya kazi na watoto wasioona jijini Vienna kabla ya kuhamia Marekani, na katika kitabu chake cha 1947 alieleza kwamba wako watu wanaoujua ulimwengu kwa kuuona na wako wanaoujua kwa kuugusa na kuuhisi mwilini. Hao wa pili huchora kikubwa kile kilichowagusa, hata kama kwa macho ni kidogo. Nilipomsimulia, alikwenda moja kwa moja kwenye mchoro mwingine ukutani: kidole gumba kikubwa kuliko kombe lenyewe, na katika ncha yake alama nyeusi, pale ukingo ulipomchoma mtoto.

Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeipa sanaa nafasi yake. Lakini kipindi kinahitaji andalio la somo, na andalio linahitaji kigezo cha kupimia. Yeye aliandika kwamba mwanafunzi achore umbo "kwa usahihi", na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mvulana mmoja alichora kizibo cha soda chenye meno 21. Ni sahihi kabisa, vizibo hivyo vina meno 21, na mtoto huyo katika hesabu hukwama kabla ya kumi na tano. Kwenye kizibo alipitisha kidole jino kwa jino. Sasa weka mchoro huo kando ya kokwa la nyuzi. Upi una usahihi zaidi? Mwalimu mlezi anayemsimamia, mtu mwema na mwenye uzoefu, anasema kokwa halina umbo, kwa hiyo alama zake ni chache. Mwanachuo anasema ndilo lililo sahihi kuliko yote ukutani. Mimi niko upande wake, ingawa sina jibu la swali la mlezi: mwalimu atakayelipokea darasa hili mwakani atazisomaje alama hizo?

Kisha yuko msichana anayekaa dawati la nyuma. Soksi ilipomfikia aliingiza mkono, akainamisha kichwa, akakaa hivyo. Wenzake walimdai zamu yao, hakuutoa. Kengele ilipolia karatasi yake ilikuwa tupu. Alipoulizwa kuna nini ndani, alieleza gunzi lote: mistari yake, mashimo ya punje, ncha iliyovunjika, mahali palipobaki punje moja.

Kwenye daftari la alama, mbele ya jina lake, hapajaandikwa kitu. Mlezi anataka sifuri, kwa kuwa kazi ilikuwa kuchora. Mwanachuo hataki, wala hajapata namba ya kuweka badala yake, na mkaguzi kutoka chuoni anafika Alhamisi.