Hasira ya Joka Tuonyeshwe

Cheki hii form. Ni 2005, World of Warcraft (WoW) hata haijagonga birthday ya kwanza. Mbogi ya wasee 40 imeingia pango la Onyxia, joka moja noma sana. Mbele amesimama tanki, yule msee wa ngao, kazi yake ni kuchapwa ndio wengine wasichapwe. Nyuma huko majamaa wa uchawi wanarusha moto. Mmoja anaona mambo iko fiti, anaongeza moto. Joka linaachana na tanki, linageuka, linamchoma yeye na kila mtu amesimama karibu. Mbogi yote chali. Nani amewachomea? Hakuna mwenye anajua, lakini kwa maiki ni matusi tu.

Chenye kilitokea hapo ni hesabu. Adui kwa hizi gemu anakuwanga na listi ya venye kila msee amemuudhi. Kwa WoW ya kitambo, pointi moja ya kichapo ni pointi moja ya hasira. Ukiponya msee, hiyo ni nusu pointi, na inagawanywa kwa maadui wote wako kwa vita. Ukiwa karibu na adui, hasira yako ikipita ya tanki na asilimia 10, ni wewe sasa. Ukiwa mbali, unaongezewa hadi 30. Kuna aina ya mchezaji anaitwa hanta, anaweza jifanya amededi jina lake lifutwe kwa listi, na hiyo kwangu ndio ujanja msafi zaidi kwa hiyo gemu. Sheria zote zilikuwa ndani, ila kwa skrini huoni kitu.

So wasee wakajitengenezea. Addoni za kupima hasira (mita) kama Omen zilikuwa zinasoma vita, zinapiga hesabu kwa kompyuta yako, alafu zinatumia wenzako namba. Hii ilikuwa inawork tu kama watu wengi wameiweka, so vikundi zikaanza masharti: huna mita, huingii. Hapa ndio ile stori ya mabuda wa gemu, eti "kuficha inaleta utamu", huniboo. Siri ya nani, na nusu ya watu wanaijua? Ni kama kupanda nganya yenye fea anaijua makanga pekee. Oktoba 2008, kwa pachi 3.0.2, Blizzard, wenye gemu, wakaachilia: rangi za kukuonya, asilimia ukiitaka, na addoni zikapewa namba za ukweli.

Alafu WoW Classic ikatoka Agosti 2019, ile ya kurudisha watu kitambo na giza yake. Unadhani watu walikubali kukaa gizani? Wapi! Wakaanza tena kuunda mita za kukisia.

Sasa, mabuda wa gemu wana pointi moja siwezi katalia. Kitambo ulikuwa lazima ubonge na tanki. Unamngoja ashike joka vizuri, unamuuliza kama uanze, roho iko mkononi. Mita ikikuja, msee anakodolea macho baa za namba, joka lenyewe hata halicheki. Hiyo ni hasara, na ni ya ukweli.

Ndio maana mimi nasema rangi iwe ya kila mtu, namba zikae kando. Final Fantasy XIV, ile iliyofufuliwa 2013, ilishika hii poa: kando ya jina la adui kuna alama inatoka kijani inaenda nyekundu venye hasira yake kwako inapanda. Mtu mpya anashika hiyo bila kufunzwa, na bado lazima acheze kwa akili, juu rangi haimwambii amebakisha moto ngapi.

Sisi wa Kanairo tuna sababu ingine pia. Seva za WoW zenye tunatumianga ziko Ulaya, so picha inachelewa kutufikia. Joka likigeuka kwa skrini yako, kwa seva limeshageuka na limeanza kuvuta pumzi. Msee wa Berlin ana nafasi ya kuhepa, wewe unaona tu majivu yako. Onyo la mapema kwetu si mapambo.

So watengenezaji, wekeni hiyo rangi bila mtu kuomba. Na wewe wa kurusha moto, ikianza kuwa nyekundu, toa kidole kwa kibodi. Hao wengine 39 pia wanataka kwenda home na luti.